Vichupa Viwili vya Chavua

Ninyi mnaosoma baiolojia mnaimaliza meiosisi kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Mnachora seli moja, chini yake mbili, chini yake nne, mnaandika kwamba idadi ya kromosomu hupungua nusu, mwalimu anaweka tiki. Sina ugomvi na tiki. Ila mimi mambo hayo nimeyatazama kwa jicho la kulia kwa miaka ishirini na saba, katika kitalu cha utafiti cha shamba moja la mkonge nje kidogo ya Korogwe, na jicho lenyewe hadi leo likichoka hufumba kabla ya mwenzake. Kwa hiyo nipeni nafasi kidogo.

Naitwa Mama Zaina. Kwetu Handeni, nimezeekea hapa Old Korogwe. Kazi yangu iliitwa msaidizi wa maabara. Watu wakisikia maabara hufikiria hospitali, na kwa miaka mingi majirani waliniletea vikopo vya choo cha watoto wao ili niangalie minyoo. Niliwaeleza kwamba mimi huangalia mkonge. Walinisikitikia, na wakaendelea kuleta.

Mkubwa wetu alikuwa Dokta Mbelwa, Mshambaa mmoja mrefu, mtaratibu, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Siku yangu ya kwanza kwenye hadubini aliweka kioo, akalenga, akaniambia, "Binti, hesabu kromosomu." Jana yake nilikuwa nimesoma kitabu chake, nikajua kwamba mkonge wa bluu una kromosomu sitini. Nikainama. Nikaona vitu kama masalia ya majani ya chai chini ya kikombe. Nikakaa nimeinama kama dakika kumi, kwa heshima tu.

"Sitini, Dokta."

"Umehesabu au umesoma?"

"Nimehesabu."

"Hicho ni kitunguu," akasema. "Kina kumi na sita."

Hakunigombeza. Alinipa vioo vya kitunguu nikavihesabu wiki mbili nzima, na kila jioni aliniuliza ngapi, na kila jioni zilikuwa kumi na sita, na kila jioni aliandika kama vile ni habari mpya. Ndivyo nilivyofundishwa kwamba ukiona kumi na tano unaandika kumi na tano, halafu unatafuta ile moja ilikojificha. Somo hilo nililielewa vizuri sana siku hizo. Nililisahau miaka kadhaa baadaye, na ndiyo sababu ya maneno yote haya.

Kwanza muujue mkonge. Mkonge hauhitaji ndoa ili uzae. Ukikomaa unatoa mlingoti mrefu katikati, wa mita tano au sita, unachanua mara moja tu katika maisha yake, kisha unakufa. Kwenye mlingoti huo huota vikonyo, vimimea vidogo vidogo ambavyo hudondoka chini na kuwa mkonge mwingine. Pembeni ya shina nako huchipua maotea. Vikonyo na maotea vyote ni mama yule yule amejirudia. Mnapopita barabarani mkaona mistari ya mkonge hadi macho yanachoka, mnauona mmea mmoja ulionakiliwa. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza mistari yote.

Ukitaka kitu kipya lazima uende kwenye ua, chavua ya huyu ikutane na yai la yule. Na hapo ndipo meiosisi inapoingia. Mkonge wa bluu tuliokuwa nao kitaluni una kromosomu sitini, yaani jozi thelathini. Fikiria mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, jozi thelathini za kandambili zimepangwa. Kila jozi inaachana, moja huku, moja kule, na pande zote mbili zinaondoka na thelathini. Chavua inabeba thelathini, yai linabeba thelathini, mtoto anapata sitini. Hakuna ugomvi.

Sasa mkonge wa kawaida, huu wa mashambani, hauna jozi. Una seti tano. Tano mara thelathini, mia na hamsini. Ukifika wakati wa kuachana, kandambili tano za saizi moja na rangi moja hazijui nani aende na nani. Mbili huku, mbili kule, moja inabaki katikati ya uwanja bila mwenyewe. Chavua nyingi hutoka tupu. Ukiziwekea rangi nyekundu chini ya hadubini, punje nzima zinawiva kama karanga, zile tupu zinabaki nyeupe, na kwa mkonge wa kawaida nyeupe ndizo nyingi. Mbegu ni hivyo hivyo. Nyeusi ina mtoto ndani, nyeupe ni ganda.

Na mkitaka kuiona meiosisi yenyewe, msiende kwenye mizizi. Mizizini seli inajinakili tu ili mmea urefuke. Nendeni kwenye kitumba cha ua ambacho hakijafunguka. Kipasue, toa chavulio, angalia rangi yake. Likiwa la njano umechelewa, chavua imeshaumbwa, nenda kanywe chai. Likiwa kijani kilichopauka, umefika. Lichovye kwenye spiriti sehemu tatu na asidi ya siki sehemu moja, weka tone la rangi, funika kwa kioo chembamba, pasha juu ya kimoto hadi ukikigusisha nyuma ya mkono unatamani kukiondoa lakini unavumilia. Kisha kandamiza kwa kidole gumba, wima. Kidole kikiteleza, seli zinajiviringisha kama sigara na siku yako imekwisha. Mimi vioo vyangu vya mwaka wa kwanza vilikuwa sigara tupu.

Kuna jambo moja kitabuni halikuwepo, nililigundua kwa uvivu. Kromosomu za mkonge zina makubwa na madogo. Katika kila seti ya thelathini, matano ni makubwa na ishirini na tano ni nukta tu. Basi badala ya kuhesabu nukta hadi kichwa kiume, unahesabu makubwa. Ukiona makubwa kumi, ni mkonge wa bluu. Ukiona ishirini na tano, ni wa kawaida. Dokta aliniambia ni njia nzuri, ila nihesabu na nukta pia. Nilikuwa nahesabu, mara nyingi.

Vyote hivyo nilivyokuwa navikandamiza kwa kidole gumba vilitoka juu ya milingoti, na aliyekuwa akipanda milingoti ni Mzee Bukuru. Alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vyembamba vya fundi cherehani, alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba lile lile na alikuwa akikaa Masuguru. Alikuwa na ngazi yake mwenyewe, ambayo hakumwazima mtu, na kibano kidogo cha kung'olea nyusi alichokipata sijui wapi. Alifunga ngazi kwenye mlingoti kwa kamba ya katani, akapanda, akakaa huko juu saa nzima akiyatoa machavulio ua moja baada ya jingine kabla hayajamwaga chavua yake, kisha akayafunika maua kwa mfuko wa marikani nyuki wasiingie. Baada ya siku mbili tatu ua linakuwa tayari kupokea, ncha yake inanata. Anapanda tena, anafungua mfuko, anapaka chavua uliyompa, anafunga mfuko, anashuka, anakuambia, "Tayari, mwanangu." Sikuwahi kumwona akishuka haraka.

Mwaka ninaousimulia, Dokta alitaka kupata chotara wa mkonge wa bluu na mkonge wa kawaida. Mama awe wa bluu, baba awe wa kawaida. Alikuwa na hamu nalo jambo hilo kwa sababu wengi kabla yake walijaribu wakaambulia maganda. Tulikuwa na milingoti miwili ya bluu iliyochanua pamoja. Mlingoti namba saba ungepewa chavua ya kawaida. Mlingoti namba nane ungepewa chavua ya bluu kutoka kiwanja kingine, kwa ajili ya kulinganisha tu. Chavua zote mbili nilizikusanya mimi, nikazitia katika vichupa viwili, nikaandika karatasi kwa kalamu ya wino, nikabandika, nikaweka kwenye friji.

Umeme ukakatika siku mbili. Barafu ikayeyuka juu, ikadondokea vichupa. Nilipofungua friji, karatasi zote mbili zilikuwa doa la bluu. Nilisimama pale nikikumbuka. Nilikumbuka kwamba kichupa cha chavua ya kawaida nilikiweka upande wa mlango. Kwa usahihi zaidi, nilikumbuka nikitaka kukiweka upande wa mlango. Nikaandika karatasi mpya kwa mwandiko mzuri sana, nikabandika, nikampa Mzee Bukuru.

Vijana, andikeni kwa penseli. Wino huyeyuka kwenye maji, penseli haiyeyuki. Na kama hukumbuki, sema hukumbuki. Ningeweza pia kuweka punje mbili chini ya hadubini nikaziona zipi tupu na zipi nzima, kazi ya dakika tano. Lakini hadubini ilikuwa imeota ukungu ndani ya lenzi, imepelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, na ilikaa huko miaka mitano. Sijapata kumjua mgonjwa aliyelazwa muda mrefu kama huo akarudi.

Mlingoti namba saba ukazaa. Ulizaa matunda manene yaliyojaa mbegu nyeusi. Dokta alizimwaga mezani, akazitawanya kwa kidole, akasema, "Sijawahi kuona." Hilo lilikuwa kweli, na lilipaswa kututia wasiwasi. Chavua ambayo sehemu yake kubwa ni ganda haizai mbegu zote nyeusi. Lakini mtu akishangojea kitu kwa muda mrefu, kikija kingi zaidi ya alivyotarajia haulizi. Tulikunywa soda. Mlingoti namba nane ulitoa maganda meupe na mbegu nyeusi mbili. Tukasema namba nane ulikuwa dhaifu.

Tukaotesha, tukapanda kiwanja kizima cha chotara. Mimea ya namba saba ilikua na rangi ya bluu kama mama yake, umbo la mama yake, majani ya mama yake. Wageni walipokuja Dokta aliwaambia kwamba sura ya mama imetawala. Miche miwili ya namba nane ilibaki kwenye kikopo bila kazi, mlinzi wa getini akaiomba, akaipanda kando ya kibanda chake. Ikakua mikubwa isiyo na adabu. Mmoja alifungia mbuzi, mwingine alianikia shati.

Miaka mitano ikapita, hadubini ikarudi. Dokta alikuwa anakaribia kustaafu. Uongozi wa shamba ulikuwa umemwahidi kupanda chotara wake kwenye eneo kubwa upande wa mtoni, na sherehe ya kumuaga ifanyike hapo hapo. Akaniambia, "Mama Zaina, nihesabie, nifunge kitabu." Tulitarajia kama mia na tano hivi, thelathini za mama na sabini na kitu za baba.

Nikakata ncha za mizizi asubuhi, nikapasha, nikakandamiza wima. Nikahesabu makubwa. Kumi. Nikachukua mmea mwingine. Kumi. Nikahesabu na nukta, za kweli, moja moja. Sitini. Nilihesabu mimea kumi na miwili na yote ilikuwa bluu kwa bluu.

Dokta alipoiona karatasi yangu aliinama mwenyewe kwenye hadubini, akahesabu, akainuka. "Hakuna baba hapa," akasema. "Mama amejichavusha mwenyewe. Machavulio hayakutolewa yote."

Ni hitimisho ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifikia. Nilikuwa nimesimama pale pale. Wakati huo sikuwa na hakika ya jambo lolote, niliikumbuka friji tu. Mzee Bukuru aliitwa. Dokta alimweleza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko makelele.

Mzee Bukuru alisikiliza kofia ikiwa mkononi. "Nilitoa yote," akasema. Kisha akaongeza, "Nilidhani nimetoa yote. Labda macho."

Wiki ile akaomba apelekwe kwenye palizi. Ngazi akaiacha imelala nyuma ya stoo. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemzuia.

Friji ile haikunitoka kichwani. Siku moja nikipita getini nikautazama ule mkonge wa mlinzi, ule wa kuanikia shati. Majani yalikuwa mapana, yana miiba pembeni, hayafanani na bluu wala na wa kawaida. Nikamwomba mlinzi nichimbe mzizi kidogo. Akauliza kama ni dawa. Nikasema ni kazi.

Makubwa kumi na saba. Nikahesabu yote, nikapata mia na nne, mara ya pili mia na tatu kwa sababu nukta mbili zilikuwa zimelaliana. Mmea wa kufungia mbuzi nao vivyo hivyo, makubwa kumi na saba, jumla mia na tano. Chotara aliyetafutwa alikuwa amesimama getini miaka yote akinuka mbuzi. Vichupa vilibadilishana. Namba saba ulipewa bluu, namba nane ukapewa ya kawaida, na mwandiko mzuri ulikuwa wangu.

Niliosha vile vioo nikavirudisha kabatini. Ilikuwa mwezi wa tatu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana mengine yote mtayasoma kitabuni. Sikusema. Nilikuwa natazamiwa kupandishwa daraja, Dokta ndiye aliyekuwa aandike barua, na niliona nitasema akishaiandika. Kisha niliona nitasema akishastaafu. Kila asubuhi nilimwamkia Mzee Bukuru akiwa na jembe, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," sauti ile ile. Nilianza kupita njia ya nyuma. Hata huko nyuma kulikuwa na palizi.

Mwezi wa saba mke wake aliugua homa, nikaenda Masuguru kumjulia hali. Nilimkuta amepata nafuu, amekaa kibarazani. Mzee Bukuru alikuwa ndani. Nikamwuliza mzee anaendeleaje.

"Huyo?" mama akasema. "Kila asubuhi anatunga sindano."

"Anashona?"

"Hashoni. Anachukua sindano na uzi, anatunga, anatoa, anatunga tena. Anasema anapima macho. Mimi nilimwambia aende hospitali, kasema kwanza ajue mwenyewe."

Mzee akatoka wakati huo huo, sindano mkononi kweli. Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akatunga uzi mbele yangu. Uliingia mara ya kwanza.

"Unaona," akaniambia, taratibu, kama mtu anayeuliza bei. "Tundu la sindano naliona. Chavulio la ua ni kubwa kuliko hili mara kumi. Sasa mimi niliyaachaje yale?"

Mkewe akatazama pembeni. Nilielewa kwamba swali hilo lilikuwa limeulizwa mara nyingi pale kibarazani.

"Hukuyaacha," nikasema.

Nikamweleza yote. Friji, wino, upande wa mlango, mlinzi, kumi na saba. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliichomeka sindano kwenye ukosi wa shati lake.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Huu ni wa saba."

"Ndiyo."

"Miezi minne unaniamkia."

"Ndiyo, mzee."

Mama aliinuka akaingia ndani, ingawa homa ilikuwa imemwacha dhaifu na hakuna aliyemwita. Nikadhani nimeruhusiwa kuondoka. Nilipojaribu kusimama Mzee Bukuru akasema, "Kesho asubuhi utamweleza Dokta. Nami nitakuwepo."

Kesho yake nilimweleza Dokta. Alivua miwani, akaiweka mezani, akaivaa tena. Sherehe ilikuwa wiki ya pili yake, na barua yangu ilikuwa imelala mbele yake, nusu imeandikwa. Aliivuta akaigeuza uso chini.

"Hesabu upya," akasema. "Nione."

"Ahesabu nami nikiona," Mzee Bukuru akasema.

Dokta akamtazama. Kisha akanitazama mimi. Nadhani sote wawili tuliwaza jambo moja kwa wakati mmoja. Mzee yule alikuwa amepanda milingoti kwa ajili ya hadubini ile tangu mimi sijaajiriwa, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumwambia asogee atazame. Alikuwa akileta vitumba mlangoni, anakabidhi, anageuka.

Kabla sijafika huko niwamalizie habari ya chotara, kwa sababu najua mtauliza. Dokta alisahihisha kitabu kwa wino mwekundu, kila ukurasa, akaandika jina langu penye kosa na jina la Mzee Bukuru penye kazi iliyofanywa sawasawa. Eneo la mtoni halikupandwa, sherehe ilifanyika ofisini, ilikuwa fupi. Barua yangu haikuandikwa mwaka ule wala uliofuata, nikapata barua ya onyo badala yake, ambayo ninayo. Mimea miwili ya getini tukaizalisha kwa maotea, tukapanda mstari mmoja. Ilikuwa na nguvu, haikuogopa ukame. Pia ilikuwa na miiba pembeni ya kila jani, wakataji wakagoma kuishika, na watu wa korona, kule kiwandani inakokamuliwa, wakatuma ujumbe kwamba tusiwaletee tena. Ilipochanua nilitazama vitumba vyake. Kromosomu mia na kitu zilikuwa zimesambaa uwanjani kama watu waliokosa basi, chavua karibu yote tupu. Mlinzi alirudishiwa ya kwake. Kwa hiyo tulitafuta kwa miaka, tukapoteza, tukapata, na hatukuwa na haja nacho. Kazi ya utafiti ina siku nyingi za namna hiyo, msije mkasema hamkuambiwa.

Basi asubuhi ile niliandaa kioo cha mzizi wa mkonge wa getini. Kidole kiliteleza, cha kwanza kikawa sigara. Cha pili kikakubali. Nikatafuta seli iliyotulia, nikahesabu kwa sauti, makubwa kumi na saba, Dokta akaandika. Kisha nikateremsha kiti, Mzee Bukuru akakaa. Aliziba jicho la kushoto kwa kiganja kama mtu anayepimwa hospitali. Nikamwonyesha kifundo cha kulenga. Alikizungusha polepole, kwa vile vidole vyake, akalenga vizuri kuliko nilivyolenga mimi.

Alihesabu bila kutoa sauti, midomo ikicheza.

"Kumi na saba," akasema. "Na hivi vya kama mchanga?"

"Hivyo ni vidogo. Navyo vinahesabiwa."

"Hivi ndivyo nilikuwa navifuata kule juu?"

"Ndivyo."

"Vidogo," akasema. Hakuondoa jicho. "Na mtu anayo ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Mkonge wa kawaida?"

"Mia na hamsini."

Akafikiri. "Tumezidiwa sana," akasema. Dokta alikohoa, na kwa Dokta kukohoa namna ile ndiyo kicheko.

"Hizo arobaini na sita zinatoka wapi?"

"Ishirini na tatu za baba, ishirini na tatu za mama."

"Hakuna anayetoa zaidi?"

"Kwa kawaida hakuna. Nusu kwa nusu."

Akaondoa jicho kwenye hadubini, akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu kibarazani.

"Baba yangu aliletwa hapa kutoka Kigoma, kukata mkonge," akasema. "Kigoma mimi mwenyewe sijafika. Mama yangu ni Mzigua wa Handeni. Watu wa Handeni na wa hapa, tangu nina akili, wananiuliza nitarudi lini kwetu."

Nikasema lililo kweli. "Nusu yako ni ya Handeni, mzee. Ishirini na tatu, kamili."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

Akatikisa kichwa, taratibu, akilipima. "Habari ya vichupa nilikusamehe jana pale pale," akasema. "Chupa ni chupa. Lakini kama ni hivyo unavyosema, basi wewe ni mtu wa kwetu, na hiyo miezi minne itachukua muda kuisamehe."

Akasimama, akamuaga Dokta, akaenda nyuma ya stoo kuichukua ngazi.